Mtoto Mmoja, Namba Moja: Kumbukumbu za Shule ni Suala la Afya

Mwanafunzi mwenye selimundu anapozidiwa na maumivu uwanjani, mwalimu wa zamu huhitaji mambo mawili papo hapo: maelekezo ya nini kifanyike, na namba ya simu ya mzazi inayopatikana. Katika shule zetu nyingi mambo hayo yapo, ila yametawanyika. Fomu ya kujiunga imo kabatini kwa mwalimu mkuu, rejesta ya mahudhurio iko kwa mwalimu wa darasa, orodha ya waliomeza dawa za minyoo na kichocho iko kwa mwalimu wa afya, na kadi ya kliniki iko nyumbani. Taarifa zote zimeandikwa, lakini kwa saa ile ya dharura hazimfai mtoto.

Shule zilizopata kompyuta mara nyingi huhamishia madaftari hayo kwenye jedwali moja pana. Kasoro za daftari huhamia humo pia. Mwanafunzi huandikwa Ali katika orodha moja na Ally katika nyingine, kompyuta ikamhesabu kuwa watoto wawili. Mama mwenye watoto watatu shuleni hubadili namba ya simu. Ikasahihishwa kwa mtoto mmoja na kubaki ya zamani kwa wengine.

Dawa ya kasoro hizi inajulikana tangu mwaka 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alipochapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za uhusiano. Kwa lugha nyepesi, kila aina ya kitu iwe na jedwali lake, kila taarifa iandikwe mara moja tu, na majedwali yaunganishwe kwa namba ya utambulisho. Kwa shule, jedwali la kwanza ni la wanafunzi, kila mmoja akiwa na namba isiyobadilika wala kurudiwa. La pili ni la wazazi na walezi. Kwa kuwa mtoto anaweza kuwa na walezi kadhaa, na mlezi akawa na watoto kadhaa, jedwali la tatu huonyesha nani ni mlezi wa nani. La nne hueleza mwanafunzi alikuwa darasa gani katika mwaka gani. La tano ni la huduma za afya: namba ya mwanafunzi, huduma aliyopewa na tarehe yake.

Jedwali hilo la tano linahitaji uangalifu. Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 ili kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ratiba ilikuwa dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja. Aliyetengeneza fomu yenye safu ya «dozi ya kwanza» na safu ya «dozi ya pili» sasa anaona nafasi tupu, asijue kama msichana alikosa dozi au hakuihitaji. Kama kila huduma ingekuwa na mstari wake na tarehe yake, ratiba ingebadilika bila kuvuruga kumbukumbu.

Hata hivyo, kukusanya taarifa pamoja si kuziweka wazi kwa kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti. Naamini jina la ugonjwa halina nafasi katika kumbukumbu za jumla za shule. Mwalimu wa zamu hahitaji kujua ugonjwa; anahitaji maelekezo: «Anywe maji mara kwa mara. Akipata homa au maumivu makali, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.» Utambuzi wa ugonjwa ubaki kwa mhudumu wa afya na familia. Mtoto anayeishi na VVU asipopewa ulinzi huo, hifadhidata iliyokusudiwa kumsaidia itakuwa chanzo cha kunyanyapaliwa.

Wapo watakaosema kuwa shule haina umeme wa uhakika, na kwamba walimu wamechoka kujaza fomu. Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini usanifu wa hifadhidata huanza kwa karatasi na penseli. Shule inaweza leo kumpa kila mtoto namba moja na kuiandika katika kila rejesta. Kompyuta itakapofika, kazi ngumu itakuwa imekwisha. Na mwalimu anayeandika taarifa mara moja badala ya mara tano amepunguziwa mzigo.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya anayekwenda shuleni kutoa chanjo aulize namba ya mwanafunzi na kuiandika, asitosheke na jina. Mzazi anayebadili simu aitaarifu shule siku hiyo hiyo, na aulize ni nani anayeruhusiwa kusoma taarifa za mwanawe. Wanaoandaa mifumo ya shule nao wawaite wahudumu wa afya mezani kabla jedwali la kwanza halijachorwa.