Gesi ya Jalalani ni ya Nani?



Samadi na taka za sokoni zikioza mahali pasipo hewa hutoa gesi iitwayo methani. Ikiachwa ipae, tani moja yake huipasha dunia joto, katika miaka 20, zaidi ya mara 80 ya tani moja ya hewa ya ukaa. Ikikamatwa, huwaka jikoni bila moshi.

Siku hizi twaambiwa kwamba gesi hiyo yaweza kugeuzwa kuwa mafuta ya malori na ya ndege. Ni kweli: Wajerumani Fischer na Tropsch waligundua njia ya kugeuza gesi kuwa mafuta katika miaka ya 1920. Lakini kiwanda cha namna hiyo hudai mtaji mkubwa na gesi nyingi isiyokatika. Na mwenye mtaji ndiye aamuaye mafuta yaende wapi. Je, jirani wa jalala la Muriet, aliyevumilia uvundo, atapata nini? Na mama anayeshuka miteremko ya Meru na mzigo wa kuni?

Hatupingi elimu. Twapinga utaratibu unaomruka maskini. Tangi la ndege lisijazwe kabla chungu cha mjane hakijachemka.

Wala tusijifiche nyuma ya wakubwa. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichopo papa hapa Arusha, kimeeneza mitambo ya bayogesi tangu miaka ya 1980. Mwaka 2009 ukaanza chini yake mpango wa kitaifa wa kuijenga majumbani. Ng'ombe wachache wa zizini hutosha kuipikia familia, na tope linalobaki ni mbolea ya migomba na kahawa. Kinachowashinda wengi ni gharama ya ujenzi. Hapo ndipo ilipo kazi ya jumuiya zetu: kuchangiana, kama tunavyochangiana harusi.

Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Viongozi wa walei, ingieni katika majiko ya taasisi zetu mkaone. Hatuwezi kumnyoshea mwenye kiwanda kidole huku moshi ukifuka jikoni mwetu.

Basi tudai hili bila woga: asiuziwe yeyote gesi ya jalala kabla wakazi wa Muriet hawajaketi mezani. Na kabla ya kudai, tuanze nyumbani.