Kujuana si kuulizana tu

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mjuzi wa ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tumeona tulizungumze jambo ambalo kwa wengi ni mchezo wa watoto, nalo ni desturi ya kuulizana maswali ya kujuana mitandaoni. Hupita katika makundi ya WhatsApp na katika kurasa za Facebook. Unatumiwa orodha ya maswali kumi au ishirini, unajibu, unamgeuzia mwenzako naye ajibu. Umezaliwa wapi? Mama yako anaitwa nani? Nyumbani wanakuitaje? Ulisoma shule gani? Unapenda chakula gani? Unaogopa nini? Jambo gani umelifanya ambalo hakuna anayelijua? Orodha ikiisha, watu huandikiana kwamba sasa wamejuana.

Tunauliza: kweli wamejuana?

Tutatoa kisa kilichotokea jirani yetu, Kwa Mathias, hapa Kibaha. Mama mhusika ameturidhia tukisimulie ili wengine wazinduke, nasi hatutamtaja. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, alikuwa nyumbani kwa likizo. Kwa kuwa hana simu, alitumia ya mama yake, akaingizwa katika kundi la wasichana waliokuwa wakiulizana maswali. Humo akapata rafiki aliyejitambulisha kuwa ni dada mkubwa kidogo kuliko yeye. Kwa wiki tatu waliulizana na kujibizana. Dada yule alijua jina la utani la binti, shule yake, bweni analolala, jina la mwalimu wa darasa lake, na kwamba ana ugonjwa wa pumu. Binti naye alijua kuwa dada anapenda rangi ya zambarau na wali wa nazi.

Shule ikafunguliwa. Siku moja asubuhi mama alipigiwa simu na mtu aliyejiita mwalimu wa zamu. Alimtaja binti kwa jina la nyumbani, akasema amebanwa na pumu usiku, amekimbizwa hospitali ya mkoa, na kwamba inahitajika shilingi laki mbili na nusu za dawa, zitumwe haraka kwa namba atakayopewa. Mama ni mweka hazina wa kikoba. Fedha aliyokuwa nayo haikuwa yake, ilikuwa amana ya wanawake wenzake. Akaituma. Alasiri alipofika shuleni akihema, alimkuta binti yake darasani, mzima wa afya. Ilimchukua miezi kuirejesha fedha ile, na katika miezi hiyo hakuweza kuwatazama wenzake usoni.

Lakini lililotuliza zaidi katika kisa hiki ni jambo jingine. Nyumba inayopakana na ya mama huyu ni ya muuguzi wa hospitali ileile iliyotajwa na tapeli. Siku hiyo muuguzi alikuwa nyumbani, ametoka zamu ya usiku. Kwa simu moja tu kwa wenzake angeweza kujua kama yuko mgonjwa wa jina lile. Wamepakana ukuta kwa miaka sita, na mama hakujua jirani yake anafanya kazi gani.

Hiyo ndiyo hali yetu. Wengi wetu Kwa Mathias ni wahamiaji. Tulitoka Dar es Salaam kutafuta kiwanja cha bei nafuu, tukajenga, tukazungusha ukuta. Tunatoka alfajiri kuwahi magari ya Barabara ya Morogoro, tunarudi baada ya Isha. Jirani tunamjua kwa rangi ya geti lake. Mtaa wenyewe umeitwa kwa jina la mtu, na ukiwauliza wapangaji na wenye nyumba wa leo Mathias alikuwa nani, wengi watakutazama tu. Katika upweke huo, si ajabu mtoto akatafuta wa kumuuliza habari zake ndani ya simu. Kwa hiyo tusianze kwa kumlaumu binti.

Uislamu haupingi watu kujuana, bali umeamrisha. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 13, Allah (S.W.) anatufahamisha kuwa ametuumba kutokana na mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane. Lakini tazameni, ndugu zetu, aya hiyo imetanguliwa na ipi. Aya ya 12 inakataza dhana mbaya, inakataza kupelelezana, na inakataza kusengenyana. Amri ya kujuana imekuja baada ya kuwekewa mpaka. Anayetaka kumjua mwenziwe hana ruhusa ya kuchimba kila kilichofichika kwake.

Wala hatukatai kuwa maswali yana nguvu ya kuwakaribisha watu. Mwaka 1997 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Arthur Aron, na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wasiojuana walikalishwa wawili wawili wakaulizana maswali 36 kwa zamu, yakianza na mepesi na kuishia na ya ndani kabisa. Kwa muda usiozidi saa moja, walijihisi karibu kuliko wale walioongea mambo ya kawaida. Hata hivyo, wataalamu hao hawakudai kuwa ukaribu wa namna hiyo huzaa uaminifu au ahadi ya kudumu. Nao watu wale walikuwa wameketi uso kwa uso. Basi itakuwaje kwa asiyeonekana uso, ambaye hata jina lake ni la kujipa?

Hapa ndipo hekima ya Umar bin Al-Khattab (R.A.) inapotufaa. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimtolea mwingine ushahidi wa wema mbele yake, na Umar akamuuliza mambo matatu. Je, wewe ni jirani yake, unayeona kuingia na kutoka kwake? Je, umewahi kusafiri naye, kwa kuwa safari hufichua tabia? Je, umeamiliana naye kwa dinari na dirhamu, ukaona uchamungu wake? Kila swali mtu yule alijibu hapana. Umar akamwambia kuwa basi hamjui, huenda alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka.

Tulizingatie jambo hili. Umar hakumuuliza kama anajua chakula akipendacho mtu yule, au siku aliyozaliwa, wala hakutaka mhusika aitwe ajieleze mwenyewe. Maswali yake yote yalihusu yale ambayo mtu hawezi kuyatunga kwa maneno: anavyoishi na jirani, anavyovumilia safarini, anavyolipa deni. Majibu ya mtu juu ya nafsi yake ni madai. Ujirani, safari na muamala ndio mashahidi.

Na hata katika ndoa, ambako sharia imeruhusu kuulizia, mwenendo ni huohuo. Fatima bint Qays (R.A.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri, naye akamweleza hali ya kila mmoja, ya umasikini wa huyu na ukali wa yule, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Aliulizwa anayewajua. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo. Posa ilipoletwa, mjumbe alikwenda kuulizia mtaani kwa kijana, kwa majirani na kwa imamu wake. Leo kijana na binti wanaulizana maswali mia moja usiku kucha, na hakuna hata mmoja aliyetumwa kuulizia mtaani.

Liko pia suala la sitara. Miongoni mwa maswali ya orodha hizo yapo yanayomtaka mtu ataje kosa alilolifanya kwa siri. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa umma wake wote utasamehewa isipokuwa wenye kudhihirisha maovu yao, na akamtolea mfano mtu aliyefanya jambo usiku, Allah akamsitiri, kisha asubuhi akaenda kulisimulia. Mola amekufunika, nawe unajifunua ili upate alama ya kidole gumba juu ya simu! Siri ambayo mwenzako amekwisha kuisoma huwezi kuifuta akilini mwake.

Tena mara nyingi tunachokitoa si chetu peke yetu. Jina la mama, ugonjwa wa ndugu, ugomvi wa nyumbani, hizo ni amana za watu wengine. Dunia ilipata somo la jambo hili mwaka 2018, ilipofichuka kuwa programu moja ya maswali ya tabia iliyowekwa katika Facebook ilijibiwa na watu wapatao 270,000, lakini taarifa zilizochukuliwa, kwa hesabu ya Facebook yenyewe, huenda zilifikia za watu milioni 87, kwa kuwa kila aliyejibu alifungua mlango wa marafiki zake. Taarifa hizo zikafika kwa kampuni ya Cambridge Analytica iliyofanya kazi za kampeni za siasa. Watu wale walidhani wanajibu maswali ya kujifurahisha.

Hapa kwetu mlango ni mfupi zaidi. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wakati wa zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, aliyetaka kuipata namba yake kwa njia ya mtandao aliulizwa majina yake, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama yake. Linganisheni, wazazi, na maswali ya orodha ile. Ni kweli tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Lakini sheria haiwezi kuurudisha mdomoni ulimi uliokwisha kusema.

Tufanye nini basi? Hatusemi watoto wapokonywe simu, wala mzazi awe mpelelezi wa mwanawe, kwani aya ya 12 haikumvua mzazi. Lakini mzazi ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Aketi na mwanawe, aisome orodha pamoja naye, amfundishe kutenganisha swali la kupenda embe au ndizi na swali linalofungua mlango wa nyumba. Amfundishe pia adabu ya hodi. Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, zinatuelekeza tusiingie nyumba za wengine mpaka tubishe na tutoe salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Moyo wa mtu nao ni nyumba. Aulizwaye ana haki ya kutojibu bila kuonekana ana kiburi, na aulizaye akinyimwa jibu arudi bila kinyongo.

Ikija simu ya kudai fedha kwa jina la mtoto, mzazi akate, aipige shule kwa namba aliyonayo yeye mwenyewe, na asitume chochote kabla hajapata uhakika. Namba ya tapeli iripotiwe kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kila mmoja pia abonyeze *106# aone kama pana laini asiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Na dawa iliyo kubwa kuliko hizo iko nje ya geti. Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa Jibrili aliendelea kumuusia juu ya jirani mpaka akadhani atapewa fungu la mirathi. Akamuusia Abu Dharr (R.A.) kwamba apikapo mchuzi auzidishie maji na awakumbuke majirani zake. Hakutaka nyama iongezwe, maji tu yanatosha kuanzisha ujirani. Basi Ijumaa hii, tutokapo msikitini, kila nyumba na ibishe hodi kwa nyumba moja isiyoijua. Tuulize maswali yetu hapo: mnaitwa nani, mmetoka wapi, mna mgonjwa? Na tukishajibiwa, tubebe haki inayofuata jibu, kwa kuwa ukishajua kuwa jirani ana mgonjwa imekulazimu kwenda kumjulia hali. Kujua kwa mtandaoni hakudai chochote kwa mjuzi, na hiyo ndiyo sababu ni kwepesi.

Yule mama na muuguzi sasa wanajuana. Mama ndiye aliyeanza kubisha hodi, akiwa na bakuli la maharage ya nazi. Alituambia kwamba walizungumza mpaka adhana ya Isha, na kwamba muuguzi alimuuliza swali moja tu kabla hajaondoka: "Mbona siku ile hukuniita, mama?"

Tunamuomba Allah (S.W.) azisitiri aibu zetu, awalinde watoto wetu na kila mwenye kuwakusudia mabaya, na atujaalie kuwa majirani ambao wenzao wanasalimika na shari zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.