Kabla ya kumuita musagaji mwizi, tuangalie pua ya moteri



Hapa tumezoea kuandika juu ya mbegu, samadi na ule munyauko wa migomba tunaoujua Masisi tangu 2001. Leo tunaomba ruhusa tuongee juu ya mafuta ya moteri. Kuko mutu mumoja alipoteza kazi juu yake, na sisi maagronomu tulikuwa ndani ya ule mukutano, tukanyamaza.

Ilikuwa kwenye koperative moja ya upande wa Masisi. Moteri ya mashini ya kusaga ilianza kukunywa mafuta: kila siku mbili inaomba litre nzima. Komite ikauliza: inaenda wapi? Chini hakuna kitu. Juu ya nini hakuna? Juu kila asubuhi musagaji alikuwa anapangusa sakafu na moteri, wamama wasikute uchafu karibu na unga. Usafi wake njo ulimuhukumu. Wakasema anauzisha mafuta, wakamufukuza.

Musagaji mupya hakupangusa. Kiisha juma mbili, mafuta ilikuwa imetapakaa chini. Mekanisie mumoja aliyepita njiani akainama, akatosha kipande ya muti kilichofungwa kitambaa ndani ya reniflari. Nani alikiweka? Ni komite yenyewe iliagiza, juu wamama walilalamika ya kama unga unanuka moshi.

Tueleze. Ndani ya silenda, pistoni iko na segma, zile pete za chuma zinazofunga njia. Ata moteri mupya, pete hazifungi asilimia 100. Moteri ya silenda moja inayozunguka mara 2000 kwa dakika inapiga moto mara 1000, na kila mara hewa kidogo ya moto inapenya kando ya pistoni, inashuka mu karteri, ile sanduku ya chini yenye mafuta. Ile hewa lazima itoke. Reniflari njo pua yake. Ukiziba pua, hewa inatafuta mulango mwengine: inasukuma mafuta kwenye mipira, kwenye karatasi za kuzuia mafuta, ata kwenye tundu ya kupimia. Halafu tunanunua mipira mipya Goma ama Bukavu, na kiisha siku chache inavuja tena. Mipira haikuwa na kosa.

Hii haiko shida ya kijijini tu. Magari ya zamani yalikuwa na bomba iliyotupa ule moshi chini ya gari, njiani. Kule Marekani, miaka ya 1960 njo walianza kulazimisha magari mapya kuurudisha ndani ya moteri uchomeke. Moteri kama Lister ya Uingereza nayo iko na kibati kidogo kwenye reniflari, kinachoacha hewa itoke bila kurudi. Kibati kikikwama na uchafu, moteri inatoka jasho ya mafuta kila upande.

Kwetu segma zinakufa mbio juu ya mambo tunayoyaona kila siku. Moteri inakaa nyumba moja na mawe ya kusaga, inavuta vumbi ya unga. Filtri ya hewa ikijaa, tunaitosha «ili ipumue vizuri», na vumbi inakula silenda. Mafuta inapashwa kubadilishwa kiisha saa 100 hivi kwa moteri nyingi ndogo. Sisi tunaongeza tu juu ya ile nyeusi.

Wengine watatuambia: hii ni kazi ya mekanisie, agronomu abaki kwa shamba. Tunakataa. Muhogo wa Walikale usiposagwa, na maharagi ya Masisi yakibaki ndani ya kamio iliyokufa mu matope, shamba ilitumika bure. Na sisi wa mashirika tuko na kosa yetu: tunaleta mashini, tunapiga foto, tunaenda. Filtri ya pili hatuachi, wala mutu wa kufundisha.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, kila moteri ya koperative iwe na daftari: saa iliyotumika, mafuta iliyoongezwa, siku ya kuibadilisha. Daftari inamulinda musagaji kuliko maneno yake. Pili, reniflari isizibwe hata siku moja. Moshi ukisumbua, muunge bomba itokee inje ya nyumba, ikiinama kidogo bila kufanya tumbo ambamo maji inaweza kukaa. Tatu, mbele ya kuchanga pesa ya moteri mupya, muisafishe ile pua na mazutu, kiisha muangalie. Moshi kidogo si ubaya. Lakini ukitoka kwa nguvu, kwa mapigo, na moshi wa bluu mu eshapema, basi segma zimechoka. Hapo muite mekanisie.

Kwa wenye kamio na jeep za mazutu ambazo reniflari yake inarudi ku njia ya hewa: segma zikichoka sana, moteri inaweza kukunywa mafuta yake yenyewe, ikaruka mbio, na kufunga ufunguo haisaidie. Hapo mutu anaziba njia ya hewa na ubao ao kitu kigumu, hapana na mukono.

Ile koperative ilituma mutu kumuita musagaji arudi. Alikuwa ameisha kushuka Walikale, kutafuta maisha kwenye machimbo. Mipira tunaweza kununua. Mutu aliyeondoka na jina ya mwizi, hatujui tumurudishie nini.

Mukutano unaokuja, daftari iwe juu ya meza mbele ya mutu kunyoosha kidole.