Khanga Mpya na Heshima ya Mama

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama hulisema kwa sauti ya chini tu. Nalo ni aibu ya kwenda kujifungua hospitalini bila khanga mpya.

Sisi tunaohudumia wazazi huku Nkoaranga, na wenzetu wa sehemu nyingine za nchi, tumelisikia mara nyingi. Mama amehudhuria kliniki vizuri, kadi yake imejazwa, na tarehe zake anazijua. Lakini uchungu unapoanza anabaki nyumbani. Ukimwuliza baadaye, atasema usafiri ulikosekana. Ukikaa naye kwa upole ndipo husema la moyoni: "Nesi, ningekujaje na matambara yale? Wenzangu wangenionaje?"

Mama huyu si mjinga wala si mkaidi. Anajua kwamba wodini vitanda vimekaribiana, na mfuko ukifunguliwa wote wanatazama. Jirani yake ana doti tatu za khanga ambazo hazijafuliwa hata mara moja, beseni jipya, chupa ya chai inayong'aa na sweta la mtoto lenye kofia yake. Kwa mama huyu, mfuko ule unasema yeye ni nani: kama anapendwa au hapendwi, kama mumewe anamjali au hamjali, kama ukweni wanamthamini au wanamvumilia tu.

Nguo zimesema tangu zamani

Tusidhani kwamba jambo hili limeanza jana. Huko Zanzibar, wakati wa utumwa, wanawake watumwa walivaa merikani, kitambaa cha bei nafuu kilichopewa jina la nchi kilikotoka, yaani Marekani. Kilipotiwa rangi nyeusi ya nili kiliitwa kaniki. Mtu alimtambua mtumwa kwa mbali kwa vazi lake. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Katika miaka iliyofuata, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakanunua khanga zenye rangi na maua. Hawakuwa wakifuja fedha. Kwa khanga ile walikuwa wakisema, "Mimi nami ni mtu."

Hata hapa mkoani kwetu tumeona nguo ikitumiwa kumpima mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Lubega ilihesabiwa kuwa alama ya kubaki nyuma. Leo wageni hufika mjini Arusha wakanunua shuka zile zile kwa furaha, na baadhi ya hoteli huwavalisha wafanyakazi wake. Mmasai aliyekuwa ndani ya shuka hakubadilika thamani. Macho ya watazamaji ndiyo yaliyobadilika.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kupenda nguo nzuri ni dhambi au ni upuuzi. Mzazi akiletewa doti mpya na mama mkwe wake pamoja na bakuli la mtori, moyo wake huinuka, na tunaona hata uso wake unavyong'aa. Kitu kizuri kinaweza kumkumbusha mtu heshima yake. Ubaya huanza pale tunapodhani kwamba bila kitu kile heshima haipo, na hapo mtu huanza kujificha.

Aibu inayoua

Katika uzazi, kujificha kuna hatari kubwa. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi, na mama mwenye afya njema anaweza kupoteza maisha katika muda wa saa chache tu. Hospitalini ipo sindano ya kusaidia mji wa mimba ukaze, yupo mtu wa kuangalia kama kondo la nyuma limetoka lote, na inapobidi hutafutwa damu ya kumwongezea. Nyumbani hayo yote hayapo. Itakuwa huzuni iliyoje mama akifa kwa sababu ya doti moja ya khanga!

Basi tuseme wazi mtoto anahitaji nini. Anahitaji vitambaa safi na vikavu vya kumpangusia na kumfunika, kofia na soksi, hasa katika baridi yetu ya Juni na Julai, na kifua cha mama yake, ambacho ni joto kuliko blanketi lolote. Khanga kuukuu iliyofuliwa kwa sabuni, ikaanikwa juani hadi ikakauka kabisa na kupigwa pasi, inafaa. Sweta la mtumba kutoka soko la Tengeru, likifuliwa vema, linatia joto sawa na la dukani. Mtoto hajui bei.

Tufanye nini?

Akina baba, anzeni mapema. Mkiuza kahawa au maziwa, wekeni kidogo kidogo tangu mimba ikiwa changa, na mwulizeni mama kliniki wamemwambia alete nini. Msingoje mwezi wa tisa.

Akina mama wa vikundi, tunajua kuchangishana sare za harusi, na hatukosi. Tukiweza kushona sare ya siku moja, tunaweza pia kuwa na mfuko wa uzazi katika kila mtaa: khanga chache safi, beseni na nguo za mtoto, vinavyoazimwa na kurudishwa bila kutangaza nani ameazima.

Sisi wahudumu wa afya, mama apokewe kwa salamu ile ile, awe amekuja na sanduku au na mfuko wa kawaida. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, aliwakemea waumini waliompa mwenye mavazi mazuri kiti cha heshima huku maskini akiambiwa asimame. Onyo hilo lafaa kanisani, na wodini pia lafaa.

Na wewe mama uliye karibu kujifungua: uchungu ukianza, njoo. Njoo na ulicho nacho, hata kama kina kiraka. Tutakuuliza jina lako na uchungu umeanza saa ngapi, wala hatutauliza khanga yako umeinunua wapi.