Hifadhi ya Rufiji Isiishie Kwenye Mikoko

Kamba anayeuzwa soko la Feri, Dar es Salaam, huenda alikulia kwenye mizizi ya mikoko ya Rufiji. Mama yake hutaga baharini. Wachanga husukumwa na maji kujaa hadi kwenye vijito vya delta, hukua humo, kisha hurudi baharini. Mikoko ikifyekwa, mvuvi wa Nyamisati, kijiji cha deltani, anaona tofauti nyavuni.

Msitu huo, takriban hekta 53,000, ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki. Ni mali ya umma tangu enzi za mkoloni, na leo unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Tangu 2004 umo pia ndani ya eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, la Rufiji-Mafia-Kilwa. Lakini nyuma yake, na hata ndani yake, wapo watu: wakulima wa mpunga, wenye minazi na mikorosho, wanaomiliki kwa mila ardhi ya mababu.

Hao ndio waliouokoa. Mwaka 1997 serikali iliridhia kampuni ya African Fishing Company ifuge kamba kwenye maelfu ya hekta za delta. Wanavijiji walikwenda mahakamani mwaka uliofuata, na mabwawa ya kamba hayakuchimbwa kamwe. Watu wasio na hati za ardhi walisimama kulinda msitu wa taifa zima.

Leo watu haohao wanatajwa zaidi kama waharibifu. Ni kweli mikoko inafyekwa kwa ajili ya mpunga, hasa kaskazini mwa delta, ambako mto ulianza kumwaga maji baridi mengi zaidi. Shamba la namna hiyo huzaa vizuri misimu michache, kisha magugu na kaa huliteka, na mkulima husogea mbele na panga lake. Kumfukuza hakumpi pa kulima. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyosomba mazao Rufiji na Kibiti yameonyesha jinsi bonde la juu nalo lisivyo na uhakika.

Kwa hiyo ulinzi uanzie shambani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 za kingo za mto ziachwe bila shughuli za kuziharibu. Miti ikibaki hapo, hushika udongo na kupunguza kasi ya maji. Nao msitu wa kijiji, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, huweza kuwa wa kijiji kweli. Kilwa, kusini mwa delta, kijiji cha Kikole kimewahi kuuza mpingo kutoka msitu wake chenyewe, na fedha zikaingia kijijini.

Wilaya ya Kibiti, yenye vijiji vya delta, inastahili vivyo hivyo. Halmashauri yake ipime ardhi ya vijiji hivyo na kutoa hatimiliki za kimila. TFS nayo iwekeane na vijiji mikataba ya usimamizi wa pamoja inayotaja bayana mgawo wa mapato ya boriti, asali na utalii.