JINA KAPUNI: Staa uliyekuja Masasi msimu wa korosho, hii ni yako (na ya mheshimiwa wako pia)

Leo hakuna habari za nani kaachana na nani, wala nani kavaa gauni la nani. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, na nisipolitapika hapa litaniua.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, yuko redioni anahojiwa kuhusu shoo zake za mwisho wa mwaka. Anaulizwa Kusini palikuwaje. Anacheka mpaka anakohoa, halafu anaanza: watu wa kule pesa zinawawasha, wakipata hela ya korosho wanachanganyikiwa, mbuzi wananunuliwa soda. Mtangazaji naye anapiga meza kwa kicheko.

Ule utani wa mbuzi na soda mnaujua. Kila Novemba unarudi kama mafua. Mimi mwenyewe nimewahi kuucheka. Safari hii sikucheka, kwa sababu Novemba ile ile nilikuwa uwanjani hapa Masasi, nimelipa elfu kumi yangu kumwona huyo huyo staa. Alipanda jukwaani akapiga kelele kwamba anatupenda sana, na sisi ndio mashabiki namba moja nchi hii. Tukashangilia. Asubuhi yake akaondoka, na leo sisi ni kichekesho cha redio.

Sasa kaka, ngoja nikuambie hiyo pesa inayotuwasha inatoka wapi.

Mama yangu ana mikorosho upande wa Newala, juu uwandani. Kila mwaka anapalilia. Mvua zikiisha anatafuta mtu wa kupuliza salfa, maana asipopuliza ubwiriunga unamaliza maua yote. Mabibo yakianza kudondoka anaokota moja moja, mgongo umepinda, anachomoa korosho, anaanika, anapeleka AMCOS. Kule zinapimwa, zinaenda ghala kuu, zinasubiri mnada. Pesa inaingia benki baadaye, ikishakatwa makato yake. Msimu wa 2024 alipata kilo 380. Baada ya makato ikawa kama sh. 3,400 kwa kilo. Piga hesabu: sh. 1,292,000.

Kwa staa hiyo ni pesa ya viatu. Kwa mama ni mshahara wa mwaka mzima. Gawa kwa miezi kumi na miwili unapata kama laki moja na elfu saba kwa mwezi. Humo atoe deni la dukani, ada ya mdogo wangu, bati za chumba cha nyuma na akiba ya salfa ya mwaka huu. Maji nayo ananunua ndoo kwa ndoo kisima cha mvua kikikauka, maana Newala shida ya maji ni ya tangu enzi za mkoloni. Huyo mbuzi wa soda yuko wapi kwenye hii bajeti?

Sikatai kwamba wapo wanaochezea hela. Wapo. Tunawajua mtaani kwa majina. Kuna jamaa ananunua pikipiki Novemba anaiuza Machi kwa nusu bei. Kuna ndoa zinavunjika msimu ukianza na zinarudiana msimu ukiisha. Lakini Dar hakuna watu wanaomaliza mshahara tarehe mbili? Mastaa wenyewe si ndio kila siku tunaandika hapa wamenyang'anywa magari ya mkopo? Yao inaitwa maisha ya kistaa, yetu inaitwa ushamba. Nani kagawa hayo majina?

Tuje kwenye kitu ambacho staa hakukiona, kwa sababu yeye alikuja Novemba.

Njoo Masasi Februari. Njoo sasa hivi ninapoandika. Gesti zilizokuwa zinakataa wageni zina vyumba vya kuchagua. Bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao pale Mkuti. Mama ntilie kapunguza sufuria. Mji mzima umeshusha pumzi unasubiri Oktoba nyingine.

Na hapa inanigusa mimi moja kwa moja. Nilikuwa na fremu yangu ndogo, natengeneza mabango, napiga picha za pasipoti, nahariri video za harusi. Kodi sh. 60,000 kwa mwezi. Oktoba mwenye fremu akaniita akasema bei mpya ni 150,000, na kuna mtu kutoka mjini yuko tayari kulipa. Nikaomba, nikabembeleza, wapi. Nikahamisha vitu vyangu kwa toroli. Akaingia muuza simu, akauza miezi mitatu, Januari akafunga akaondoka zake. Leo fremu ina kufuli na utando wa buibui. Mimi nafanyia kazi chumbani nilikolala. Mwenye fremu anakosa kodi, mimi nakosa wateja. Tumefaidika nini sisi wawili tunaoishi hapa mwaka mzima?

Juzi niliona video ya mji unaitwa Aspen, huko Colorado, Marekani. Nao ni mji wa msimu, ila wao wanauza theluji. Matajiri wanakuja kuteleza kwenye milima, nyumba zinapanda bei mpaka mpishi na dereva wa hapo hapo hawawezi kupanga. Sasa wenzetu walikaa kikao, wakaanzisha mamlaka ya nyumba za wafanyakazi, ili anayeishi pale kwa kazi apate pa kulala. Matatizo hayajaisha, lakini angalau walikubali kwamba ni suala la siasa na serikali ya mji. Sisi hapa tunasema ni bahati mbaya tu.

Ndiyo maana leo simwachi mheshimiwa.

Mnakumbuka kwenye ile shoo katikati muziki ulizimwa? Akapanda mheshimiwa mmoja, jina kapuni naye, miwani nyeusi usiku, akamkumbatia staa, akarusha fulana. Kikundi cha sindimba cha wazee wetu kilikuwa kimeshapiga saa kumi jioni, jua kali, uwanja mtupu, dakika kumi tu na asante. Mheshimiwa hakuwepo. Yeye alikuja saa tano usiku umati ulipojaa.

Angalieni kalenda vizuri wadau. Uchaguzi mkuu 2015 ulikuwa tarehe 25 Oktoba. 2020 ulikuwa tarehe 28 Oktoba. Wa serikali za mitaa ulikuwa 27 Novemba 2024. Minada ya korosho inafunguliwa lini? Oktoba. Yaani msimu wa kura na msimu wa korosho kwetu ni msimu mmoja. Mwanasiasa anatukuta tukiwa na matumaini mfukoni, tumeshiba, tunacheza. Hakuna anayekuja kuomba kura Februari, kwa sababu Februari tuna maswali.

Na maswali yapo. Nianze na viwanda. Miaka ya 1970 nchi ilijenga viwanda vya kubangua korosho kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Masasi na Newala tulipata vyetu. Vikafa, vikauzwa, vingi vikageuka maghala. Leo korosho ghafi inapakiwa kwenye meli kwenda India na Vietnam, inabanguliwa kule na vijana wa kule. Kiwanda kinachofanya kazi kingempa mdogo wangu ajira Februari. Ghala linampa kazi ya kubeba magunia wiki sita.

La pili, 2018. Hakuna mtu wa huku aliyesahau. Mwezi Juni wabunge wa Kusini walibishana bungeni kuhusu fedha za ushuru wa korosho zinazouzwa nje, zile ambazo asilimia 65 ilitakiwa irudi kuendeleza zao. Sheria ikabadilishwa, zote zikaenda hazina. Oktoba wanunuzi wakaja na bei chini ya 3,000, wakulima Newala na Tandahimba wakagoma kuuza. Novemba mawaziri wawili wakatumbuliwa, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa sh. 3,300, jeshi likaja kusomba. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 akaambiwa asubiri shamba lihakikiwe. Malipo yakachelewa, watu wakauza mabati ya nyumba. Ule mwaka hakuna aliyeona mbuzi anakunywa soda. Na hakuna staa aliyekuja.

Halafu mtu anasema wakulima wajinga wanauza kwa kangomba. Kangomba ni nini? Ni mtu anakuja mwezi wa saba au wa nane, mtoto anaumwa, ndani hakuna kitu, anakupa hela kidogo leo ili umlipe korosho Oktoba kwa bei ya kutupa. Ni kosa kisheria, kweli. Lakini mkulima anaingia mle kwa sababu ya njaa ya miezi ambayo hakuna anayetutembelea. Ukitaka kuua kangomba, lete mkopo nafuu Julai, halafu ndio ulete polisi.

Sasa nisikilizeni vijana wenzangu, hapa ndipo penye mchongo wenyewe. Sheria inaruhusu halmashauri kukusanya ushuru wa asilimia 3 kwenye mazao ya biashara, tangu marekebisho ya 2017. Tufanye kilo ni sh. 4,000, bei ambayo minada ya Oktoba 2024 ilifika. Asilimia 3 ni sh. 120 kwa kilo. Tani moja ni sh. 120,000. Tani 10,000 ni bilioni 1 na milioni 200. Huo ni mfano wangu wa kalamu na karatasi, tani halisi waulize wenyewe.

Na sheria hiyo hiyo ya nchi inasema asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwenye mfano wangu, asilimia 4 ni milioni 48 za vijana. Milioni 48 bila riba. Ni fremu ngapi hizo? Ni mashine ngapi ndogo za kubangua? Wangapi kati yetu tumewahi kwenda ofisi ya maendeleo ya jamii kuuliza? Mimi nakiri, nilikwenda kwa mara ya kwanza mwezi huu, baada ya kufukuzwa kwenye fremu. Nikaambiwa nikaunde kikundi kwanza. Naunda.

Najua mtanijibu. Mtasema shoo inaleta mzunguko wa pesa, mama ntilie aliuza, bodaboda walipata. Kweli kabisa, na sisemi shoo zifungwe. Kijana wa Masasi ana haki ya kuruka na kupiga picha kama kijana wa Sinza. Mtasema msanii anatafuta riziki. Sawa, na aitafute. Ila riziki unayoipata kwa mtu usigeuke ukaitemea mate redioni. Hata kijiweni tuna adabu hiyo.

Huu mji siyo wa juzi na una wenyewe. Hayati Mkapa alizaliwa Lupaso, akaongoza nchi miaka kumi, na Julai 2020 akarudi kuzikwa Lupaso hapo hapo. Mzee hakuona aibu kulala kwao milele. Wewe umelala usiku mmoja, tena hotelini, unatusimanga.

Msimu wa kura utarudi tena. Watakuja wote wawili, staa na mheshimiwa, kwenye gari moja, jukwaa moja. Nendeni, chezeni, mimi pia nitakuwepo. Ila mheshimiwa akishika maiki, mtu mmoja apaze sauti amwulize vitu vinne. Ushuru wa korosho msimu uliopita halmashauri ilikusanya shilingi ngapi? Zile asilimia nne za vijana walipewa vikundi gani? Jengo la kiwanda litabangua lini? Na wewe Februari ulikuwa wapi?

Akijibu kwa tarakimu, mpe kura yako ukitaka. Akijibu kwa kurusha fulana, ivae shambani ukipuliza salfa, maana salfa inaharibu sana nguo.

Na wewe staa, ukisoma hii usinitumie meseji ya vitisho kupitia meneja wako. Ukitaka tuyamalize, njoo Februari ijayo. Hakuna shoo, hakuna VIP. Nitakupeleka kwa mama Newala, utakula ugali wa muhogo na kunde, halafu nitakuonyesha Shimo la Mungu, utaona bonde lote la Ruvuma mpaka Msumbiji. Ndoo ya maji ya kuoga utanunua mwenyewe. Baada ya hapo urudi redioni ukasimulie.

Wadau, tupieni maoni hapo chini. Hasa mlioko Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu: kodi ya fremu au chumba chako ilipanda kwa kiasi gani msimu huu? Andika mtaa na bei, majina ya watu usiandike. Matusi nafuta, hoja naacha.