Herceptin imeshuka bei. Je, ni dawa yako?

Oktoba 2025, Wizara ya Afya ya Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) na kampuni ya Roche walitangaza makubaliano kuhusu Herceptin, dawa ya saratani ya matiti. Dozi iliyogharimu shilingi 120,000 ilishushwa hadi 40,000, na pesa hizo hulipwa na SHA. Kwa familia zilizouza ng'ombe au kuitisha harambee ili mama atibiwe, hii ni habari kubwa.

Tangu wakati huo akina mama wananiuliza: "Sista, mbona mimi sikuandikiwa hiyo dawa?" Mara nyingi jibu liko kwenye karatasi ya maabara uliyoiweka kabatini.

Saratani ya matiti si ya aina moja

Picha ya mamogramu au ultrasaundi huonyesha kitu cha kutiliwa shaka. Kinachothibitisha saratani ni biopsi: kipande kidogo hutolewa kwenye uvimbe na kupimwa. Ikiwa ni saratani, kipande hicho hicho hupimwa tena kuangalia vitu vitatu. ER na PR ni vipokezi vya homoni. HER2 ni protini ambayo ikizidi huifanya saratani ikue haraka.

Hapa wengi hupotea. Mama mmoja aliniletea karatasi yake akitabasamu. Alikuwa ameona neno "negative", akaamini hana ugonjwa, akakaa miezi minne bila kurudi kliniki. Karatasi ilisema HER2 ni hasi. Saratani ilikuwepo, isiyozidi ilikuwa protini hiyo tu.

Jibu lako lina maana gani?

- ER au PR chanya: saratani inachochewa na homoni. Utapewa dawa za kuzuia homoni, kama vidonge vya tamoksifeni, kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Usiviache kwa sababu unajisikia vizuri.
- HER2 chanya (3+): hapa ndipo Herceptin hufanya kazi. Wenye jibu hili ni kama mgonjwa mmoja kati ya watano, au pungufu. Saratani ikiwa ya mapema, dawa hutolewa kwa kawaida kila wiki 3 kwa mwaka mmoja, ikiambatana na kemotherapi mwanzoni. Moyo hupimwa kabla ya kuanza na matibabu yakiendelea.
- HER2 2+: jibu halijakamilika. Panahitajika kipimo kingine. 0 na 1+ huhesabiwa kuwa hasi.
- Zote tatu hasi: Herceptin na dawa za homoni hazitakusaidia, lakini matibabu yapo. Kemotherapi na upasuaji ndiyo nguzo.

Upasuaji na mionzi huamuliwa zaidi kwa hatua ya ugonjwa, yaani ukubwa wa uvimbe na umbali uliokwisha kuenea.

Pengo lililobaki

Dawa iliyolipiwa haimfikii mama ambaye HER2 yake haijapimwa. Familia ikishalipa biopsi, ikiambiwa kuna kipimo kingine cha kulipia, wengine hurudi nyumbani kutafuta pesa, na wiki zinapita. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitalini mara ya kwanza. Hesabu siku zako.

Ukienda kliniki, uliza:

1. Je, ER, PR na HER2 zimepimwa zote? Kama bado, kipande changu kimehifadhiwa maabara gani?
2. Niko hatua ya ngapi?
3. SHA inalipia nini hapa, na kama Herceptin haipo, nitapewa rufaa kwenda wapi?

Nenda na mtu wa kukusikilizia, na ubaki na nakala ya kila jibu. Neno usilolielewa lipigie mstari, kisha mwulize muuguzi kabla ya kutoka mlangoni.